Shamba Lisilo na Matuta

Siku ya soko pale Mlalo, Nathanieli alipanda juu ya kiti akawaambia watu kwamba utumwa umerudi. Kiti chenyewe kilikuwa cha mninga, kizito, chenye mikono miwili, na kilifika sokoni kichwani mwa Zipora, mwendo wa saa nzima wa kupanda na kushuka. Zipora alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na wauza viazi, akisugua shingo. Hakuna aliyemtazama, naye hakutazamia kutazamwa.

"Mtu anayelazimishwa kulima asipotaka, bila ujira, bila hiari yake, na akikataa anafungwa," alisema Nathanieli, "mtu huyo anaitwaje?"

"Mtumwa," watu wakajibu.

"Sisi ni watumwa?"

"Hapana."

"Basi ni akina nani?"

"Raia."

Kabla ya Nathanieli, neno hilo lilikuwa la maofisini, lilikaa kwenye karatasi pamoja na mihuri. Yeye ndiye aliyelitoa huko akawagawia watu. Alikuwa amefundisha shule ya misheni miaka kumi na minane, kisha akaacha ualimu na kuanzisha Umoja wa Raia na wanaume saba sebuleni kwake. Sasa daftari la Umoja lilikuwa na majina zaidi ya elfu moja. Wakati ambapo wengine walikuwa wakivua kofia wakiwa bado barabarani, yeye alikwenda ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kule Lushoto akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Watu walimheshimu, na walikuwa na haki ya kumheshimu. Nasema hivi mapema ili nisije nikadhaniwa namwonea.

Ugomvi wa mwaka ule ulikuwa matuta. Serikali ilisema udongo wa milima unateremka mtoni kila mvua ikinyesha, na hilo halikuwa uongo. Lakini dawa yake ilikuja pamoja na pingu. Kila shamba la mteremkoni lipigwe matuta, mistari na mistari, na ambaye shamba lake litakutwa tupu apelekwe barazani kwa zumbe, mtawala wa wenyeji, akatozwe faini au akafungwe. Wanaume walipiga kelele kuhusu matuta. Waliokuwa wakiyapiga hasa ni wanawake.

"Jumamosi ya wiki ijayo," Nathanieli alimalizia, "wageni kutoka Umoja wa Mataifa watafika Lushoto. Nitasimama mbele yao na kusoma waraka wetu. Nitawaambia kwamba mwanadamu hana mwenyewe. Mpaka siku hiyo, jembe lisiguse tuta."

Watu walishangilia. Kisha Nathanieli akashuka, akashikana mikono na wazee, na Zipora akapita katikati yao kwenda kuchukua kiti.

Jioni alimpelekea maji ya moto ya kuoshea miguu, kama kila siku. Raheli, mke wa Nathanieli, alikuwa jikoni akisonga ugali. Zipora aliweka karai chini, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema."

"Naomba uniandike kwenye daftari la Umoja. Jina langu, na shamba langu la kule juu ya kijito."

Nathanieli alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Zipora, nyumba hii imeandikwa ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Unataka kuandikwa mara mbili?"

"Umeandikwa wewe."

"Mimi si ndiyo nyumba?"

"Leo sokoni umesema kila mtu."

"Kila mtu mwenye mji wake. Wewe ni ndugu yetu, umezaliwa hapa, umekula hapa. Nani amekutupa hata utake kukaa peke yako kwenye mstari?"

"Sijatupwa. Nataka shamba liandikwe kwamba ni langu."

Nathanieli alitia mguu wa pili ndani ya karai. Alikuwa mtu wa kupenda kujibu swali lolote, na hili lilimkera kwa sababu alikuwa analo jibu ila hakupenda jinsi linavyosikika. "Kule mkutanoni nasema na Serikali," alisema mwishoni. "Haya ni mambo ya nyumbani. Ardhi ni ya ukoo, si yangu wala si yako. Nikianza kuigawa kwa mapenzi yangu nitakuwa na tofauti gani na zumbe?"

Zipora hakuwa na ukoo. Mama yake aliletwa milimani akiwa msichana wa miaka kumi, mwaka wa njaa kuu, kutoka upande wa pili wa tambarare, kwa Wapare. Baba yake msichana huyo alimwacha kwa Mzee Mika, babaye Nathanieli, akachukua mapakacha mawili ya mahindi, akasema atarudi kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha na hakurudi mtu. Miaka ilipita, Zipora akazaliwa katika nyumba hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia baba yake ni nani. Katika nyumba ya namna ile haikuwa adabu kuuliza. Alipokuwa binti ilisomwa kanisani kwamba Serikali imefuta utumwa katika nchi yote ya Tanganyika. Mchana ule ule alikwenda kukata majani ya ng'ombe kama kawaida. Pale nyumbani neno mtumwa halikutamkwa kamwe. Walisema mtu wa nyumba.

Shamba la juu ya kijito lilikuwa pori la mawe alipopewa, hakuna aliyelitaka. Alilitoa mawe kwa mikono miaka thelathini, akapanda viazi na maharage, akala na kuwalisha wengine. Sasa lilikuwa zuri, na ubaya ulianzia hapo. Samsoni, mwana wa Nathanieli aliyekuwa mwalimu Korogwe, alitaka kupanda kahawa pale baada ya Pasaka. Raheli ndiye aliyelitamka jambo hilo jikoni, akidhani Zipora anajua.

Kesho yake alikuja Mbaraka, Bwana Shamba, kijana mstaarabu kutoka Tanga ambaye baridi ya milimani ilimtesa na kazi yake ikamtesa zaidi. Alivaa makoti mawili. Alikataa kuketi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuambia mapema, maana wewe ulimfundisha mke wangu," Mbaraka alisema. "Jumatatu napima mashamba ya upande huu. Alhamisi ni baraza. Zumbe amekwisha sema, mtu wa kawaida akikutwa na shamba tupu ana faini au wiki nne. Kiongozi wa Umoja hana faini. Anakwenda ndani moja kwa moja."

"Ndani kuanzia siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Nathanieli alimshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikaa barazani kwake muda mrefu na waraka mapajani. Alikuwa ameuandika mara tisa. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuusoma akasimamia maneno yake mbele ya wageni wale wakimhoji, na yeye alilijua hilo, na lilikuwa kweli. Akifungwa Alhamisi, Jumamosi wageni watasikilizishwa hotuba ya zumbe na kurudi kwao. Milima yote ingebaki bila sauti kwa ajili ya shamba lake moja la barabarani.

Alimwita Zipora.

"Lile shamba la barabarani," alisema bila kumtazama, "lipige matuta. Liwe tayari kabla ya Jumatatu."

Zipora alidhani hakusikia vizuri. "Umesema jembe lisiguse tuta."

"Nimesema."

"Watu watauliza."

"Wakiuliza nitajibu. Wewe piga."

Hapo Zipora akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alimwekea sharti. "Utaniandika?"

Nathanieli alimtazama sasa. Walikuwa wamelelewa pamoja, walichunga mbuzi pamoja, na siku moja utotoni alimpa nusu ya kitabu chake cha kujifunzia kusoma, mpaka Mzee Mika akakirudisha. Alijua kwamba anachoombwa ni haki. Alijua pia kwamba ndugu wa ukoo wangemgeuka.

"Nitakuandika," alisema.

"Na shamba?"

"Nimesema nitakuandika, Zipora."

Alifanya kazi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Lilikuwa shamba kubwa, na lilikuwa pale pale kando ya njia ya kwenda kisimani, kanisani na sokoni. Ukungu ulikuwa mzito mpaka saa nne za asubuhi, na kwa saa hizo alifurahi kwa sababu hakuonekana. Ukungu ulipopanda, watu walimwona. Mwanamke mmoja peke yake, ameinama, anapiga matuta katika shamba la mwenyekiti aliyeyakataza.

Ijumaa alipita Paskalina, jirani, ambaye walikuwa wakiteka maji pamoja tangu wote wawili wana meno yao yote. Zipora alinyoosha mgongo.

"Onga makeo, Paskalina."

Paskalina hakuitika salamu ya asubuhi. Alitua ndoo yake. "Mume wangu yuko ndani wiki ya pili sasa," alisema. "Amekataa matuta kwa sababu mwalimu alisema tukatae. Wewe unayapiga mchana kweupe. Umeambiwa na nani?"

Zipora alifungua mdomo. Angeweza kusema. Lakini akisema, Jumamosi ya Lushoto ingeharibika, watu wangemzomea Nathanieli, na Nathanieli angekuwa na sababu nzuri ya kutomwandika. "Niliogopa," alijibu.

"Uliogopa. Basi tutaonana," Paskalina akasema, akabeba ndoo yake.

Hawakuonana. Jumapili kanisani, benchi la wanawake alilokalia Zipora lilijaa watu upande mmoja tu, na upande wake ukabaki na nafasi ya watu watatu. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, angalau angepata wa kumjibu. Aliimba nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho, na sauti yake ilisikika peke yake kwa mara ya kwanza maishani mwake, ikamtia haya.

Baada ya ibada wazee wa Umoja walimzunguka Nathanieli pale nje. Zipora alikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mwenyekiti, tumeona shamba lako," mmoja wao alisema.

"Hata mimi nimeliona," Nathanieli alijibu kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililowafanya waamini. "Woga wa wanawake wa nyumbani. Nilikuwa Mtae siku zile. Nimerudi nimekuta limekwisha. Nimpige? Mimi sipigi mtu."

"Sasa ukayabomoe."

"Nikiyabomoa leo, Alhamisi niko ndani. Nani atasoma waraka?"

Wazee walitazamana wakakubali. Mmoja alisema, "Mghoshi, una mzigo nyumbani kwako," akimwita kiume, kwa heshima. Wakamwonea huruma.

Jumatatu Mbaraka alipima. Shamba la barabarani lilikuwa safi, matuta yamenyooka. Lakini yeye hakuishia barabarani. Alipanda mpaka juu ya kijito, akakuta shamba la viazi halina hata tuta moja, maana aliyepaswa kulipiga alikuwa barabarani siku tatu akipiga la mwingine. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kwa Nathanieli lilikuwa shamba la Zipora lilipohitaji kupaliliwa, na shamba la ukoo lilipohitaji mwenyewe. Mbaraka aliandika kwamba shamba tupu limekutwa katika ardhi ya Nathanieli, akaondoka akitikisa kichwa.

Tarishi alileta wito jioni. Nathanieli aitike barazani Alhamisi.

Jumanne Nathanieli alikwenda kuonana na wazee wa Umoja, na daftari likabaki juu ya meza. Zipora hakujua kusoma. Alisimama mlangoni akilitazama, mpaka Raheli akatoka chumbani.

"Dada, nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Jina langu. Mwalimu alisema ataniandika."

Raheli alikuwa mwanamke mpole mwenye maradhi ya kifua, na upole wake ulimfanya aishi nyumba moja na Zipora miaka ishirini na tano bila kumkosea wala kumsaidia. Alikaa, akafungua ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole. Akafungua wa kabla yake. Kisha akarudi mwanzo kabisa, na kidole kikasimama.

"Nimeliona," alisema, ila sauti yake haikufurahi.

"Linasemaje?"

"Hapa pameandikwa Nathanieli mwana wa Mika. Mwenyekiti. Halafu kuna mashamba matatu, la barabarani, la bondeni, na la juu ya kijito. Lako ni la tatu." Alikohoa. "Halafu pembeni, kwa wino mpya. 'Watu wa nyumba: mke, watoto wanne, Zipora.'"

"Basi?"

"Basi."

Zipora alisimama akisubiri, kama mtu anayedhani karatasi itaendelea. Aliumia, na maumivu yenyewe yalimshangaza. Alikwisha zoea kunyimwa. Hakuwa amezoea kudanganywa na yule aliyempa nusu ya kitabu.

"Angalau amekuandika," Raheli alisema.

"Ndiyo, dada."

"Samsoni hawezi kukufukuza. Utalima naye."

"Ndiyo."

Raheli alilifunga daftari. Alitaka kusema neno jingine, lolote, lakini kikohozi kilimshika, na kilipomwachia Zipora alikuwa amekwisha kwenda kutia maji ng'ombe.

Alhamisi baraza lilijaa. Zumbe aliketi kwenye kiti chake mezani, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, aliyewekwa na Serikali na kusahauliwa na watu. Kando yake alikuwa Kristofa, karani, na kitabu kikubwa cha kesi. Watu wa Umoja walijaa upande wa kushoto. Walikuja kumwona mwenyekiti wao akifungwa, wengine kwa uchungu, na mmoja wawili, tuseme ukweli, kwa hamu. Zipora alikaa chini, karibu na mlango.

"Nathanieli mwana wa Mika," zumbe alisema taratibu, akionja kila neno. "Shamba la juu ya kijito halina matuta. Ni lako?"

Nathanieli alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la Lushoto na waraka ulikuwa mfukoni mwa ndani. Kwa haki yake niseme kwamba alimtazama Zipora kwanza, na macho yake yaliomba radhi.

"Si langu," alisema. "Ni shamba la Zipora."

Watu walinong'ona. Zumbe aliamka usingizini. "Zipora yupi? Huyu wako?"

"Mimi sina mtu, zumbe."

"Ala. Huyu mama yake si alinunuliwa na baba yako kwa mahindi? Milima yote inajua. Tangu lini mtu wa nyumba akawa na shamba?"

Hapo ndipo Nathanieli aliposema maneno ambayo waliokuwepo waliyakumbuka kuliko waraka wote aliokuja kuusoma baadaye.

"Mwaka wa ishirini na mbili," alisema, "Serikali hiyo hiyo iliyokuweka hapo ilifuta utumwa katika nchi hii. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba. Kuna mtu tu. Zipora alizaliwa katika milima hii. Alilitoa lile shamba mawe kwa mikono yake, miaka thelathini, hakuna mwanaume aliyemsaidia, hata mimi sikumsaidia. Ardhi ni ya anayeilima. Kama yeye si raia, basi mimi si raia, wala hakuna raia humu ndani, na Umoja wangu ni uongo mtupu. Nasema mbele ya watu wote, shamba lile ni lake, si la ukoo wangu, si la mwanangu. Sina haki nalo hata kidogo."

Alikuwa akiamini kila neno. Ndiyo balaa ya Nathanieli, kwamba kila neno zuri alilolisema aliliamini, na alilisema siku lilipomfaa. Wazee wa upande wa kushoto waliinama. Paskalina, aliyekuwa amebanwa kwenye ukuta, aligeuka akamtazama Zipora kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndoo.

Zipora mwenyewe alikuwa ametulia tuli. Maisha yake yote alikuwa amesubiri mtu aseme maneno yale. Yalikuwa yamesemwa, yote, hayakupungua hata moja, na alijua kwa nini yamesemwa. Furaha na uchungu vilimpanda pamoja, asijue kipi akishike kwanza.

"Zipora, simama," zumbe alisema. "Umesikia. Shamba ni lako?"

Akikana, Nathanieli angefungwa, na zumbe angempongeza yeye kwa kusema kweli. Aliona hilo. Aliona pia shamba.

"Ni langu," alisema.

"Halina matuta."

"Halina."

"Basi kosa ni lako. Faini shilingi hamsini, au wiki nne."

Shilingi hamsini hakuwahi kuziona mahali pamoja. Nathanieli aliinuka upesi, amepata nafuu, na nafuu ilimfanya mkarimu. "Nitamlipia," alisema. "Nitazileta leo leo, kabla ya jua kuzama. Mama huyu haendi gerezani."

Watu wa Umoja waliguna kwa kuridhika. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mwema. Lakini zumbe alitabasamu, na kwa hakika hakuwa mjinga.

"Lipa," alisema. "Sikukatazi. Lakini unajua desturi ya milima, mwalimu, ni ya wazee wako na wangu. Anayetoa mali ya kosa la shamba ndiye mwenye shamba. Ukilipa, Kristofa ataandika jina lako. Sitakufunga, nimekwisha hukumu. Shamba litarudi kwako tu, kama lilivyokuwa."

Nathanieli alisita. Aliona mlango mzuri ulivyofunguka mbele yake: Lushoto Jumamosi, Zipora nyumbani, Samsoni na kahawa yake baada ya Pasaka, na hakuna aliyeumia. Ilikuwa njia safi kabisa. Alitia mkono mfukoni ingawa hela hazikuwamo.

"Asilipe," Zipora alisema.

Wote walimgeukia.

"Zipora, usiwe mkaidi," Nathanieli alimwambia kwa sauti ya nyumbani, ile ya chini. "Kule kuna baridi na kazi ya mawe. Una umri. Nani atakuletea chakula?"

"Mawe nayajua," alijibu. Kisha akamgeukia zumbe. "Nitakwenda hizo wiki nne. Shamba ni langu na kosa ni langu. Karani aandike."

Zumbe alimwashiria Kristofa. Karani alichovya kalamu. "Jina?"

"Zipora."

"Binti nani?"

Wengine pale, wazee zaidi, walikuwa na dhana yao kuhusu jina la baba huyo, na dhana yao ilikuwa imelala kaburini pamoja na Mzee Mika. Nathanieli alitazama buti zake.

"Nakiete," Zipora alisema.

"Hilo ni jina la mwanamke."

"Ni jina la mama yangu. Mwingine simjui."

"Mahali hapa huandikwa baba."

"Wewe si karani wa mahali hapa tu, ni karani wa kesi yangu. Andika Nakiete."

Kristofa alimtazama zumbe. Zumbe aliinua mabega, njaa ya mchana ilikuwa imeanza kumshika. Karani akaandika, akamaliza, akapuliza wino.

"Nisomee," Zipora alisema.

"'Zipora binti Nakiete, mwenye shamba la juu ya kijito, amekutwa na kosa la kutopiga matuta. Wiki nne.'"

"Soma tena."

Karani alisoma tena.

Waliondoka saa nane, yeye na tarishi, kwa miguu kuelekea Lushoto. Hakuwa na mzigo ila shuka na kisu kidogo cha viazi, ambacho tarishi alimnyang'anya kwa adabu. Paskalina alisimama kando ya njia akiwa na kitu amekifunika mkononi, pengine chakula, lakini hakusogea, na Zipora hakusimama. Siku zile sita zilikuwa nyingi mno kwa wote wawili.

Nathanieli aliwafuata mpaka kwenye kona ya msonobari. Alikuwa akihema.

"Zipora. Ukirudi tutarekebisha mambo. Nitakuandika vizuri kwenye daftari la Umoja. Mstari wako peke yako. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Alikuwa anaahidi kwa moyo wake wote. Zipora alimjua tangu akiwa mtoto anayelia akikosea hesabu, akamhurumia.

"Nimekwisha andikwa, mwalimu," alisema. "Nenda ukawasomee wageni."

Nathanieli alibaki amesimama pale. Wao wakaendelea kushuka. Tarishi alikuwa mtu wa Pangani, mgeni wa milima, asiyejua Kishambaa wala habari za mtu yeyote. Alishangaa kumwona mfungwa anatembea mbele yake kwa haraka. Walitembea muda mrefu. Jua lilikwenda nyuma ya vilele, baridi ikashuka, na Zipora akatambua kwamba ana habari kubwa kuliko zote za maisha yake na hana hata mmoja wa kumwambia.

"Mwanangu," akamwita tarishi, bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Mimi nina shamba."

"Vizuri, mama," tarishi alisema, akamwomba apunguze mwendo kidogo, maana njia ilikuwa imeanza kuteleza.